Umefunga breki mpya mbele kwenye sport ya zamani na bado haisimami? Anza na leva

Wakuu, pikipiki za sport za miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili bado zinatembea nyingi tu, Suzuki GSX-R750 za toleo la SRAD, Kawasaki ZX-9R, Yamaha R1 za kwanza, Honda CBR za zamani, na mtu akishainunua akamaliza kuipiga polishi kinachofuata ni breki za mbele. Ni haki yake kabisa, injini bado inakimbia vile vile lakini breki ina miaka ishirini na kitu. Tatizo linaanza pale anapobadilisha kila kitu kwa mkupuo, kalipa (kile kinachobana diski), masta silinda (pampu ndogo ya mafuta pale kwenye leva), paipu, pedi, afu anashika leva ya breki anakuta ni mbovu kuliko kabla hajagusa kitu na sasa hajui amlaumu nani.

Kwa hiyo hapa naenda kwa dalili, na dalili zote unazipata kwenye leva. Jiulize mambo matatu kabla hujashika spana: inaingia mpaka wapi, ikifika pale inakuwa ngumu au inabonyea, na ukiiachia inarudi vipi. Kila jibu lina sababu zake, na ukiyachanganya utanunua spea ambazo hukuzihitaji.

Ila moja tu kwanza. Pikipiki isitoke getini mpaka leva iwe imekaza na haizami. Isukume kwa mkono ubane, afu mwendo wa kutembea, afu uwanja mtupu, ndio barabara.

Leva inabonyea, inakaribia kugusa usukani

Kila mtu atakuambia ni upepo, na mara nyingi kweli ni upepo, ila swali ni upo wapi. Paipu mpya zikifungwa kavu upepo unapanda juu na sehemu ya juu kuliko zote ni pale banjo (kiungio cha paipu kinachofungwa kwa bolti yenye tundu) inapoingia kwenye masta. Sasa fundi anakaa chini kwenye kalipa anatoa upepo nusu siku, anausukuma ushuke wakati wenyewe unataka kupanda. Anza juu. Zungushia kitambaa kwenye banjo ya masta, bana leva taratibu, legeza bolti ya banjo kidogo tu, kaza kabla hujaachia leva, rudia mpaka mapovu yaishe, ndio ushuke kwenye kalipa. Tangi lifunike na kitambaa chenye maji maana mafuta ya breki yanakula rangi, yakidondoka mwagia maji hapo hapo usisubiri.

Bado kuna kaulaini? Geuza usukani ili masta iwe juu kadiri inavyoweza, funga leva ikiwa imebanwa kwa mpira wa tyubu, iache ilale hivyo. Mapovu madogo yanapanda usiku mpaka kwenye masta, asubuhi ukifungua leva taratibu yanatokea kwenye kikopo cha mafuta cha masta. Wengi wanaidharau hii lakini inafanya kazi.

Kama upepo hauishi hata ufanyeje, angalia nipeli za kalipa (zile vali ndogo za kutolea upepo) zinaelekea wapi. Ukinunua kalipa za used ni rahisi sana ya kushoto ikafungwa kulia, inaingia vizuri tu, ila nipeli inakuwa chini na upepo unabaki umejifungia juu ya kalipa milele, hakuna namna utautoa. Tena kuna lingine hapo hapo, kalipa nyingi za pistoni nne zina pistoni mbili ndogo na mbili kubwa, na ile ndogo inatakiwa iwe upande ambao diski inaingilia. Ukigeuza kushoto kulia pedi zinaliwa mshazari. Kwa hiyo nipeli ikiwa chini usitafute ujanja, hamisha kalipa.

Afu paipu zenyewe. Kama umebadilisha kalipa ukaacha paipu za mpira za kiwandani, mwambie mtu abane leva kwa nguvu na wewe ushike paipu kiganjani. Ukisikia inatanuka umempata mwizi. Mpira wa zamani hata kama hauna ufa unatanuka, na kila inavyotanuka ni mwendo wa leva uliopotea bure. Paipu za nyuzi za chuma ndio kitu cha kwanza mimi ningebadilisha kwenye sport yoyote ya umri huu, kabla hata ya kufikiria kalipa. Ukiziagiza pima usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho kushoto na kulia, na gurudumu la mbele likining'inia hewani, kwa sababu paipu fupi inavutwa pale foku (shokapu za mbele) ikitanuka yote na huo ndio muda hutaki ikatike.

Na kuna ulaini ambao hauna upepo kabisa ndani yake. Pedi mpya juu ya diski yenye mifereji, au kalipa ambayo haijakaa sambamba na diski, inafanya pedi ijikunje kila ukibana, leva inabonyea na wewe unaendelea kutoa upepo usiokuwepo. Jaribio ni hili: toa kalipa, weka katikati ya pedi kipande cha chuma kilichonyooka chenye unene kama wa diski, bana. Ikikaza hapo na ikirudishwa kwenye diski inabonyea, tatizo ni mkao wala sio mafuta.

Hesabu ambayo wengi wanairuka

Hapa ndio nataka tukae kidogo, kwa sababu breki nyingi zilizoharibika baada ya kuboreshwa hazina kasoro yoyote, ni masta na kalipa hazikulingana tu.

Masta inasukuma mafuta, pistoni za kalipa zinapokea. Pistoni ya masta ikiwa ndogo ukilinganisha na za kalipa, unapata nguvu nyingi kwa kidole kidogo lakini leva inatembea mbali. Ikiwa kubwa, leva inatembea kidogo na inakuwa ngumu ila nguvu inayofika kwenye diski inapungua. Ukubwa wa masta mara nyingi umechorwa kwenye mwili wake, utaona 14, au 5/8 ambayo ni kama mm 15.9, au 11/16 ambayo ni kama mm 17.5, na ukiona 1/2 hiyo ni mm 12.7 ambayo kwa kawaida ni ya pikipiki yenye diski moja mbele.

Chukua mfano wa kalipa za Sumitomo za R1 ya 1998, zile zenye vidoa vya bluu ambazo watu wanazifunga kwenye Yamaha za zamani kila kona ya dunia. Pistoni zake ni karibu mm 30 na mm 27. Unahesabu upande mmoja tu wa kila kalipa: 30 mara 30 ni 900, 27 mara 27 ni 729, jumla 1,629, kalipa mbili 3,258. Gawanya kwa kipenyo cha masta mara chenyewe. Masta ya 14 inakupa kama 16.6. Ya 5/8 inakupa 12.9. Ya 11/16 ni 10.7. Ya 19 inashuka mpaka 9.

Unaona kilichotokea hapo? Mtu ametoa masta ya 14 akaweka ya 19 ya kawaida kwa sababu namba kubwa inavutia, amepoteza karibu nusu ya nguvu ya kidole chake na leva imekuwa ngumu kama jiwe, afu anasema pedi ni feki. Na yule mwingine ameweka kalipa za pistoni kubwa akaacha masta ndogo, leva inagusa usukani, anatoa upepo wiki nzima.

Masta za radiali (zile ambazo pistoni yake imekaa msalaba na usukani) zina hesabu ya ziada maana leva yake inasukuma kwa umbali tofauti. Brembo wanaandika mfano 19x18 au 19x20, ile namba ya pili ni umbali wa mm kati ya pini ya leva na pale leva inaposukumia. Namba ndogo inakupa nguvu zaidi na mwendo mrefu zaidi, kubwa kinyume chake. Ndio maana huwezi kulinganisha 19 ya radiali na 19 ya zamani kwa kipenyo peke yake.

Ushauri wangu, piga hesabu ya breki uliyonayo kabla hujaitoa, andika namba yako. Kama leva ya zamani ilikuwa nzuri mkononi, kaa karibu na namba hiyo.

Leva ngumu, imekaza safi kabisa, ila pikipiki haisimami

Kama hesabu iko sawa basi angalia vitu vitatu: pedi, diski, pistoni zilizogoma.

Pedi mpya hazishiki siku ya kwanza, zinatakiwa zizoeane na diski. Tafuta barabara tupu, punguza mwendo kutoka kama 60 mpaka 20, usisimame kabisa, achia ipoe kidogo, rudia mara nyingi ukiongeza nguvu polepole. Ukikimbilia kubana kwa nguvu zote ukasimama na kuendelea kushika leva pedi zikiwa za moto, zinaacha alama kwenye diski na utakuja kusoma sehemu ya kutetemeka huko chini. Pedi zilizogusa mafuta ya breki au ya foku zitupe tu, kuna watu wanazichoma moto eti mafuta yatoke, mimi siamini hiyo na kichwa changu ni kimoja. Ukiona mafuta kwenye pedi angalia pia sili za foku (mipira inayozuia mafuta), kwenye sport za zamani ndizo zinazovuja na kudondokea kalipa.

Pistoni kugoma ndio ugonjwa wenyewe wa kalipa za Tokico za pistoni sita, zile za GSX-R750 SRAD ya 1996, ZX-7R, ZX-9R ya 1998, Hayabusa ya 1999. Kwa macho zinatisha. Lakini ni pistoni kumi na mbili za kuzitunza safi, na zikigoma nne una breki dhaifu kuliko ya pistoni nne zinazofanya kazi. Suzuki wenyewe GSX-R750 ya 2000 walirudi kwenye pistoni nne, na Kawasaki ZX-9R ya 2002 nao wakaja na Nissin za pistoni nne. Kwa hiyo wingi wa pistoni usikudanganye.

Kupima: toa kalipa moja, toa pedi, weka kipande cha mbao katikati, mtu abane leva kidogo kidogo uone ipi inatoka na ipi imekaa. Iliyogoma ukiisafisha nje tu na mswaki na sabuni itatembea wiki kadhaa afu itarudi pale pale, kwa sababu uchafu wenyewe uko nyuma ya sili. Alumini ya kalipa inaota unga mweupe ndani ya ule mfereji, unga unasukuma sili ibane pistoni. Pikipiki zilizotoka Uingereza zimetembea kwenye barabara zinazomwagwa chumvi wakati wa baridi, na za huku Dar, Tanga na Mombasa zinalala na hewa ya bahari, kwa hiyo usishangae. Toa pistoni zote, toa sili, kwangua mfereji taratibu bila kuchuna alumini, osha, weka sili mpya ukizipaka grisi maalum ya mpira wa breki au mafuta ya breki mapya. Usiweke grisi ya kawaida wala dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu, zinavimbisha mpira. Ukitumia upepo wa kompresa kutoa pistoni weka mbao na vidole viwe mbali, inatoka kwa nguvu ya kuvunja mfupa.

Kiukweli ukifanya hii kazi vizuri, ukaweka paipu za chuma na pedi nzuri, nusu ya watu wanaotaka kalipa mpya hawatazihitaji tena.

Kama bado unataka kubadili kalipa, pima umbali kati ya matundu ya bolti kutoka katikati hadi katikati kabla hujatuma hela. Na kalipa za radiali haziingii kwenye foku za zamani hivi hivi, foku yenyewe inatakiwa iwe na miguu yake ya kufungia, na umbali wa matundu kwa za Kijapani nyingi ni mm 108 na za Brembo mm 100. Ukishafunga zungusha gurudumu polepole uone kalipa haigusi spoku za rimu wala vile vyuma vya balansi.

Leva ni nzuri, ukiishikilia inazama taratibu

Kama hakuna mafuta yanayodondoka popote, sili za ndani ya masta zimeisha, mafuta yanapita pembeni. Bana kwa nguvu ushikilie dakika moja hivi, ikizama nunua seti ya kurekebishia masta. Masta za used zinapenda sana kuwa hivi, zimekaa kavu stoo sili zikakauka. Ndani ukikuta mikwaruzo au vishimo vya kutu usihangaike na sili, tafuta masta nyingine.

Mbano wa kwanza unaingia mbali, wa pili uko sawa

Hii inafanana na upepo lakini sio. Simamisha pikipiki, bana mara kadhaa ikaze, kaa dakika tano bila kuigusa, bana tena. Ikiwa bado imekaza, mafuta hayana shida, kuna kitu kinasukuma pedi zirudi nyuma ukiwa unatembea kwenye mashimo. Shika tairi la mbele juu na chini ulitikise, beringi za gurudumu hizo. Tikisa foku mbele nyuma, beringi za shingo. Halafu angalia vile vifungo vinavyoshikilia diski kwenye kitovu chake, vikiwa vimelegea sana diski inacheza, vikiwa vimekwama kwa vumbi la pedi diski haiwezi kujiweka sawa. Kuvisafisha weka bolti na nati kwenye tundu la kifungo, zungusha kwa spana huku ukipulizia dawa ya kusafishia breki mpaka kizunguke chenyewe.

Inajishika yenyewe ikipata moto

Hii usiichukulie poa maana inaweza kufunga tairi la mbele. Inaanza vizuri, kilomita kadhaa leva inakuwa fupi na ngumu zaidi, pikipiki inakuwa nzito, ukiiacha ipoe inarudi sawa. Mafuta yakipata moto yanatanuka na yanatakiwa yarudi kwenye kikopo kupitia katundu kadogo sana ndani ya masta. Katundu kakiziba, au pistoni ya masta ikiwa hairudi mpaka mwisho, mafuta hayana pa kwenda yanasukuma pedi.

Fungua mfuniko wa kikopo, gusa leva kidogo tu. Unatakiwa uone mafuta yanachezacheza juu au kajeti kadogo karuke. Hakuna kitu? Kwanza toa leva uone. Leva za kukunja za bei rahisi ni mtuhumiwa namba moja, nyingi zimechongwa vibaya zinasukuma pistoni ndani muda wote hata ukiwa hujashika. Lazima pawe na uhuru mdogo kabla leva haijaanza kusukuma, hata nusu milimita uisikie. Kama hata ukiweka leva ya kiwandani bado mafuta hayaruki, katundu kameziba, safisha kwa waya mwembamba sana wa nyuzi ya umeme. Na usijaze kikopo mpaka juu kabisa.

Taa ya breki ikiwaka muda wote baada ya kubadili leva nayo ni habari hiyo hiyo.

Leva inapiga piga, pikipiki inatetemeka ukibana

Wengi wanasema diski imepinda. Inawezekana, vitabu vingi vya Kijapani vinaweka mwisho wa kupinda mm 0.3, na bila kipimo cha saa unaweza kufunga waya kwenye foku ukaribie uso wa diski, zungusha uone pengo linavyobadilika. Ila kabla ya kununua diski, itoe uangalie pale inapokaa kwenye rimu. Kutu au rangi iliyopulizwa pale inatosha kuipindisha ikikazwa. Safisha, kaza bolti kwa msalaba (moja, afu ya upande wa pili), tumia gundi ya bolti. Mara nyingine ni ile alama ya pedi niliyoisema, inang'olewa kwa msasa na pedi zinaanza kuzoezwa upya. Unene wa mwisho umechorwa kwenye diski yenyewe, imeandikwa MIN TH na namba, ikishuka hapo ni chuma chakavu hakuna mjadala.

Inashika vizuri asubuhi, kwenye mteremko leva inalainika

Ukishuka mlima Kitonga na breki ikaanza vizuri ikaisha katikati, ni mafuta yamechemka. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya kabisa yanaanzia kuchemka nyuzi joto 230, yakishanyonya unyevu kiwango kinashuka mpaka 155, na mafuta haya yananyonya unyevu hata ukiyaacha kwenye kopo lililofunguliwa stoo. Badilisha kila miaka miwili. DOT 5.1 unaweza kuweka badala ya DOT 4, ila DOT 5 bila hiyo nukta moja ni silikoni, haichanganyiki na hizo nyingine, iache.

Kama leva imebaki ngumu ila nguvu imeisha, hapo ni pedi zimezidiwa moto, sio mafuta.

Vidogo vidogo

Banjo inavuja: weka washa (pete za kuzibia) mpya, kila mara, za zamani usizirudie. Bolti za banjo za Kijapani mara nyingi ni M10 yenye hatua ya nyuzi mm 1.25 na Brembo nyingi ni mm 1.0, ukilazimisha unaua nyuzi za kalipa nzima, kwa hiyo bolti ikikataa kuzunguka kwa vidole simama hapo. Pedi kupiga kelele mara nyingi ni vumbi au zile bati za nyuma umezisahau. Pikipiki kuvuta upande mmoja, endesha kidogo bila kubana sana, dondoshea maji diski zote mbili, inayochemsha maji ndiyo inajishika, na ukibana kwa nguvu yule wa baridi ndiye hafanyi kazi.

Mwisho kabisa, breki ikishakuwa nzuri utagundua foku inazama mpaka chini. Funga kamba ya plastiki kwenye bomba la foku, bana kama kawaida yako, angalia imesukumwa mpaka wapi. Ikigonga mwisho, badilisha mafuta ya foku kwanza, yale yaliyomo huenda yana umri wa pikipiki, na ndio ufikirie springi ngumu zaidi.